Darasa Lililosoma kwa Sauti Moja

Alikuwa na kanuni moja, na aliishika mpaka mwisho: mtu mzima haaibishwi mbele ya wenzake. Aliitamka siku ya kwanza ya kila darasa, amesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na watu wazima waliobanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, walishusha pumzi. Walikuja wakiogopa. Wengi wao mara ya mwisho kukaa kwenye dawati walichapwa. Sasa wamempata mwalimu asiyenyoosha kidole na kusema, wewe, simama, soma.

Ni kanuni nzuri. Nimeitafakari sana na sioni kosa lake ikisimama peke yake. Kosa ni la mtu aliyeishika. Yeye aliigeuza godoro, akalala juu yake miaka yote ya kazi, na alipoamshwa akajifunika nayo.

Watu walimwita Mwalimu Kwaya, na jina lilimkaa. Darasani kwake hakuna aliyewahi kusoma peke yake. Yeye alisoma mstari, darasa likaitikia. Akasoma mwingine, likaitikia. Kitabu chao kilikuwa na kurasa za kutosha kumaliza mwaka mzima, lakini yeye alishikilia ukurasa wa nne, ule wa maji safi, kwa sababu ndio uliotumika kwenye mtihani wa kusoma wa watu wazima, na haukuwa umebadilishwa tangu ulipotungwa. Maji safi ni afya. Chemsha maji kabla ya kunywa. Funika chombo cha maji. Ukipita nje ya dirisha saa za alasiri ungedhani watu wanajiandaa kwa harusi. Mama muuza vikapu alikuwa na sauti ya pili tamu kiasi kwamba ikifika "funika chombo" mwalimu alifumba macho na kutikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza santuri.

Nani kati yao alijua kusoma, na nani hakujua? Mwalimu Kwaya hakuwa na habari, na alijitahidi asiwe nayo. Ukishajua kwamba fulani hatofautishi herufi hii na ile, una kazi. Inabidi ukae naye, umwelekeze, urudie kesho, urudie keshokutwa, uvumilie ukaidi wake na harufu ya jasho lake la siku nzima. Kwaya haina kazi hiyo. Kwenye kwaya, anayejua humbeba asiyejua, na mwalimu anarudi nyumbani mapema, shati halijakunjika. Halafu mtu huyo huyo akikaa na wenzake hujisifu kwamba anaheshimu watu wazima. Mimi namwita mvivu mwenye adabu, na kati ya wavivu wote huyo ndiye mbaya, kwa sababu anashukuriwa.

Nani aliyemfikisha kwenye ubao ule? Dada yake. Mdogo alipofika umri wa kuandikishwa shule, mama yao alikuwa kitandani na nyumba ilihitaji mtu wa kushinda naye. Dada alikuwa darasa la pili. Akatolewa yeye, akaingizwa mdogo wake. Kwenye hesabu za shule mwaka ule hakuna kilichopungua: ametoka mmoja, ameingia mmoja, idadi ni ile ile na mwalimu mkuu hana la kueleza. Mama alipofariki, Dada alikuwa mkubwa mno kurudi na mdogo mno kuolewa, akapata meza sokoni.

Meza ile ilikuwa ya kwanza mlangoni, upande wa kulia unapoingia. Dada aliuza nyuzi, vifungo, zipu, mpira wa kiunoni, sindano za mkono na za cherehani. Mafundi wote wa mtaani walinunua kwake kwa sababu mlangoni ndipo mtu anapopita akiwa na haraka, na fundi cherehani ana haraka siku zote. Ndani ya soko kulikuwa na wauza nyuzi wengine, wenye bidhaa zile zile, waliokuwa wakipiga miayo mchana kutwa. Meza ya mlangoni ndiyo iliyomlipia Mwalimu Kwaya sekondari, ikamlipia mafunzo, ikamnunulia viatu vyake vya kwanza vya ngozi. Hata baada ya yeye kuajiriwa, meza ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha Dada. Hakuwa na kingine.

Dada alijiunga na darasa la mdogo wake bila kumwaga machozi wala kutoa hotuba. Alifunga meza mapema, akaja, akakaa dawati la mbele.

"Shikamoo, Mwalimu!" darasa likaamkia pamoja siku ile, na Dada akacheka.

"Mimi simwamkii," alisema. "Huyu nimemwosha masikio."

Watu walicheka, na mwalimu naye alicheka, lakini si kwa moyo mweupe.

Sasa nimlete yule aliyemfaa Mwalimu Kwaya kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Huyu ni afisa wa elimu ya watu wazima wa eneo letu, ambaye kisogoni aliitwa Bwana Asilimia. Ofisini kwake, ukutani nyuma ya kiti, kulikuwa na mchoro wa mistari mitatu ya rangi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa watoto walioandikishwa shule, na ulipanda. Wa pili ulikuwa wa waliomaliza, na ulipanda nao, kwa kuchechemea. Wa tatu, mwekundu, ulikuwa wa watu wazima wanaojua kusoma, na ulilala chini kama kamba iliyokatika. Kila waliposhuka wakubwa kutoka makao makuu, walitazama mstari ule mwekundu kabla ya kukaa. Bwana Asilimia alikuwa ameshawaeleza kila sababu aliyoijua. Walichotaka ni mstari.

"Mwalimu," alimwambia Mwalimu Kwaya, "wenzako wananiletea robo, wananiletea theluthi. Taifa zima linapanda, sisi tumekuwa jiwe kwenye kiatu. Wewe una darasa kubwa. Nipandishie mstari huu, nami sitakusahau."

"Watafaulu, mkuu," akajibu. "Wanaujua ukurasa wote."

Mtihani ulikuwa hivi. Mtahiniwa anaingia ofisini peke yake, anapewa karatasi yenye maneno ya ukurasa wa nne, anasoma kwa sauti mbele ya Bwana Asilimia na mwalimu wake, anaandika jina lake, anatoka. Waliingia, walisoma, walitoka. Mama muuza vikapu aliishika karatasi juu chini. Bwana Asilimia akaigeuza taratibu kwa ncha ya vidole viwili bila kumkatiza, naye akaendelea bila kukosea. Fundi seremala ndiye aliyevunja rekodi. Bwana Asilimia, kwa pilikapilika za siku, alimkabidhi stakabadhi ya mafuta ya gari la ofisi. Seremala akajikohoza, akaweka kidole chake kinene juu ya nembo ya kituo cha mafuta, akasoma: "Maji safi ni afya. Chemsha maji kabla ya kunywa." Akafika mwisho. Bwana Asilimia aliitazama ile stakabadhi, akamtazama Mwalimu Kwaya, Mwalimu Kwaya akatazama dirisha.

"Una sauti nzuri," Bwana Asilimia alisema. "Umefaulu."

Karani wa ofisi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, ndiye aliyeitoa habari hiyo nje, akicheka mpaka anashika mbavu. Waliosikia walicheka naye. Hakuna aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa.

Dada naye alifaulu. Alitoka ofisini, akamsubiri mdogo wake chini ya baraza, na alipotoka kwenda kunywa maji akamshika kiwiko.

"Nimefaulu nini?"

"Umefaulu kusoma, dada. Hongera."

"Nimefaulu kusema. Pale katikati nilifumba macho makusudi, na maneno yakaja vilevile. Yule bwana wako hakuona, au aliona akaninyamazia." Alimtazama usoni. "Mdogo wangu, nifundishe. Nyumbani, mimi na wewe. Nikikosea nichape, wala sitamwambia mtu."

"Dada, nikifanya kwako kila mtu atataka."

"Na wakitaka? Si ndiyo kazi yako?"

"Tutaongea."

Hawakuongea. Tutaongea ni mlango wa nyuma wa watu wa aina yake. Wanatokea hapo kila mara, na kila mara wanaufunga bila kelele.

Matokeo yalipotangazwa, eneo letu lilipata asilimia tisini na nane. Mstari mwekundu ulipaa. Palifanyika sherehe kwenye uwanja wa shule, wahitimu wakaimba ukurasa wa nne, safari hii kwa ngoma, na ukutani kwa ofisi likapigiliwa misumari bango kubwa: ENEO HILI KILA MTU MZIMA ANAJUA KUSOMA. Aliyelichora alikuwa mhitimu. Alinakili herufi moja moja kutoka kwenye karatasi aliyopewa, na kazi yake ilikuwa safi.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa maana ofisi zetu hazina mzaha: zikishadanganya, huwa za kwanza kuuamini uongo wao. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Kipaza, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mtaani na baiskeli na kipaza sauti, akitangaza siku za chanjo, maji yatakapokatika, na habari za soko. Wakamwachisha kazi. Kwa nini kumlipa mtu apige kelele wakati kila mtu anasoma? Mahali pake wakaweka ubao wa matangazo penye lango la soko, wenye kioo na kufuli. Kulikuwa na utaratibu wa tangu zamani kwamba asiyejua kusoma apashwe habari kwa mdomo, na utaratibu huo haukufutwa. Ila kwa hesabu za ofisi, mtu wa kupashwa habari kwa mdomo hakuwepo tena. Na darasa la Mwalimu Kwaya likafungwa, kwa sababu hakukuwa na wa kufundishwa. Chumba chake kikawa stoo ya saruji. Mwalimu hakupinga. Alibaki na mshahara wake na kazi ya kupokea wageni, na wageni walikuja, kwa maana kila afisa nchini mwenye mstari uliolala alitaka kujua dawa yake.

Haikupita muda, tangazo lilibandikwa nyuma ya kile kioo. Soko lilikuwa linakwenda kuezekwa na kupangwa upya. Kila mwenye meza alitakiwa afike ofisi ya soko kabla ya Ijumaa kuthibitisha kwamba meza ni yake. Itakayokosa wa kuithibitisha itapewa mwombaji mwingine. Chini yake, saini na muhuri.

Wanaojua kusoma hawakukosekana sokoni. Walisoma, wakaenda ofisini kimyakimya, wakathibitisha, wakarudi kwenye meza zao na kuendelea kupima vitunguu. Baadhi yao walikuwa wameshapiga hesabu ya meza zitakazobaki bila mwenyewe. Sitaki mtu anieleze ubaya wa ofisi kisha awasahau hawa. Sentensi moja kutoka kwa jirani ingetosha.

Wahitimu nao walikusanyika mbele ya kioo. Mama muuza vikapu alitembeza kidole juu yake, mstari kwa mstari, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Usafi," alisema. "Wametuletea usafi tena."

"Maji?" aliuliza muuza machungwa.

"Maji ndiyo. Si unaona pale mwanzo? Lile la kwanza."

"Wamezidi sasa. Mtu unachemsha mpaka mkaa unakwisha."

Watu wakaanza kutawanyika, wameridhika. Wala hawakuwa wakisema uongo. Walikuwa wamefundishwa kwamba kusoma ni kuweka kidole kwenye karatasi na kusema habari za maji, na walifanya hivyo hivyo. Dada peke yake hakuondoka.

"Habari za maji haziwekwi muhuri," alisema. "Muhuri ni mambo ya watu na mali."

"Haya, mwanasheria wetu," muuza machungwa akamtania, "tusomee basi wewe."

Wakati huo huo Mwalimu Kwaya alikuwa akiingia langoni na Bwana Asilimia, pamoja na wageni wa makao makuu, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata. Walikuja kuona soko ambalo kila mtu anasoma. Mwalimu alikuwa ameshalisoma tangazo lile asubuhi alipopita. Tuelewane hapo: alilisoma, alilielewa, na alijua dada yake ana meza.

"Mdogo wangu!" Dada aliita. "Njoo. Karatasi hii inasemaje?"

Wageni walisimama. Mwanamke mmoja kati yao, mwenye tabasamu la kikazi, aliuliza, "Huyu naye ni mhitimu?"

"Mhitimu," Bwana Asilimia alijibu haraka. "Tena ni dada wa mwalimu mwenyewe."

"Basi mama atusomee kidogo. Nimpige picha."

Hapo ilihitajika sentensi moja. Dada, nenda ofisi ya soko kabla ya Ijumaa. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuisema. Mwalimu Kwaya alicheka kicheko kifupi, akamwekea dada yake mkono begani.

"Dada ananitania. Ndiyo mambo yake tangu utoto. Tusimsumbue mama wa watu, yuko kazini." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nitakuja jioni."

"Jioni?"

"Jioni, dada."

Kwa hiyo hakumwaibisha. Kanuni ilishikwa. Picha ilipigwa Dada akiwa amesimama mbele ya ubao, mgongo umenyooka, uso kwenye kioo, na ukiiona bila kujua kisa utasema huyu ni mama anayesoma.

Jioni Mwalimu Kwaya alikula na wageni. Kulipokucha aliingia kwenye gari lao kwenda makao makuu, kueleza mbinu yake mbele ya walimu wa maeneo mengine. Inasemekana alieleza vizuri, na kwamba alianza na ile kanuni yake, na watu walipiga makofi. Ijumaa ilimkuta huko.

Wengine wamemlaumu Dada. Wanasema mbona hakuuliza mtu mwingine? Walioko njiani wanaojua kusoma ni wengi, hata watoto wa shule. Jibu lake alilitoa mwenyewe baadaye, na sina la kuongeza: "Lingekuwa jambo kubwa, mdogo wangu angeniambia pale pale."

Jumatatu alikuta mezani kwake kijana anapanga makasha ya simu. Alikuwa shemeji wa katibu wa soko. Sanduku la Dada la vifungo lilikuwa chini, limefunikwa na gunia, kwa adabu.

Mama muuza vikapu naye alikuwa ameipoteza ya kwake, na muuza machungwa, na wengine. Hao walilia, wakalaani, wakaondoka. Dada alivua kanga ya kichwani, akaifunga upya kwa nguvu, akaenda ofisi ya soko na kusema hatoki mpaka mdogo wake aitwe. Mwalimu alikuwa amerejea siku iliyotangulia, na saa ya ukutani aliyozawadiwa. Akaitwa. Bwana Asilimia naye akafika, bila kuitwa.

Katibu wa soko hakuwa mtu mwema, lakini alizijua taratibu zake, na siku ile alitaka kuonekana hana hatia.

"Mama," alisema, "mimi sina ugomvi na wewe. Utaratibu unasema asiyejua kusoma aambiwe kwa mdomo. Kama hujui kusoma, basi tangazo halikukufikia, na meza ni yako, leo hii, huyu kijana namtoa. Lakini ofisi ya elimu inasema unajua. Ni wao tu wanaoweza kusema vingine. Mwalimu wako huyu hapa."

"Basi limekwisha," Dada alisema, na uso wake ukafunguka. "Sijui kusoma. Mwulizeni."

Tangu lile bango lipigiliwe, hakuna mtu mzima katika eneo letu aliyekuwa amelitamka neno hilo mbele za watu. Dada alilitamka kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Akamgeukia mdogo wake.

"Mdogo wangu, waambie."

Mwalimu Kwaya alitoa leso, akafuta shingo. Bwana Asilimia alimsogelea, na hakujali kwamba wote wanasikia.

"Mwalimu, fikiri. Ukimtoa huyu kwenye orodha ya wahitimu, kesho yupo mlangoni muuza vikapu. Keshokutwa seremala. Hesabu zilishakwenda makao makuu, zimeshaingia kwenye za taifa. Unataka nikaushushe ule mstari kwa mkono wangu?"

"Ni meza tu inayozungumzwa hapa," katibu alisema.

"Si meza tu," Bwana Asilimia akamjibu. "Nawe unajua."

Mwalimu alikunja leso, akaikunja tena. "Dada yangu ni mtu mzima," alisema mwishowe. "Siwezi kumwaibisha mbele ya watu."

"Niaibishe!" Dada akasema. "Niaibishe, mdogo wangu. Mimi nimekuruhusu."

Naamini mtu yeyote mwenye damu angesema. Alikuwa amepewa ruhusa na yule yule ambaye yeye alidai kumlinda. Ile kanuni, hata ukiipenda vipi, ilikuwa imefunguliwa na mwenye haki ya kuifungua. Palibaki yeye na cheo chake tu, uso kwa uso.

"Anajua kusoma," Mwalimu Kwaya alimwambia katibu. "Pengine siku ile hakuwa na miwani."

Dada hajawahi kuvaa miwani. Ndiye aliyekuwa akiwatungia mafundi wazee uzi kwenye sindano.

Hakupiga kelele. Aliinama mezani kwa katibu, akachukua karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, sijui ilihusu nini na yeye hakujua, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, akasoma. "Maji safi ni afya. Chemsha maji kabla ya kunywa. Funika chombo cha maji." Aliusoma ukurasa wote mpaka mwisho, kwa sauti iliyofika barazani, na macho yake hayakugusa karatasi. Yalikuwa kwa mdogo wake. Katibu alitazama chini. Bwana Asilimia alitazama saa. Na midomo ya Mwalimu Kwaya, kwa mazoea, ilikuwa ikiitikia.

Aliirudisha karatasi mahali pake, akainyoosha, akatoka.

Mwaka huo redio ilitangaza kwamba idadi ya watu wazima wanaojua kusoma nchini imepanda kuliko wakati wowote. Mtangazaji alisema maeneo kadhaa yametumia mbinu mpya ya kusoma kwa pamoja, isiyomwaibisha mtu mzima. Mwalimu Kwaya alipandishwa cheo, akawa mkaguzi, anazunguka na gari la ofisi kukagua madarasa ambamo kila mmoja anaujua ukurasa wa nne. Hajambo. Amenenepa. Ukimwuliza habari ya dada yake anasema ni mkaidi tangu utoto, na kwamba yeye alimlinda mpaka dakika ya mwisho. Nadhani anaamini. Sijawahi kumchukia mtu kwa uongo anaowaambia wengine kama ninavyomdharau kwa huo anaojiambia.

Dada anauza nyuzi kwa kutembea, na sinia kichwani, mlango hadi mlango. Mafundi wananunua akipita, asipopita wananunua kwa yule aliye karibu, na wa karibu ni wengi. Akikuta maandishi ukutani anamsimamisha yeyote, mkubwa kwa mdogo, na kusema, "Nisomee hapo, mimi sijui kusoma." Anasomewa. Hakuna aliyemcheka hata mara moja, jambo ambalo mkaguzi wetu angelijua kama angewahi kumpa mtu nafasi ya kusema hajui kusoma.

Juzi gari la ofisi lilisimama karibu naye barabarani, na mdogo wake akateremka, akanyoosha mkono. Dada aliushusha ule mkono kwa upole, kama unavyosogeza tawi njiani.

"Habari za kazi, Mwalimu?" alisema, akapita.

Kanuni ile ilimgharimu Dada meza ya mlangoni, na pamoja nayo kusoma, kwa sababu chumba cha darasa bado kina saruji. Mdogo wake ilimgharimu dada. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu wa kumwita "mdogo wangu", na mtu huyo sasa anamwita Mwalimu, kama watu wengine.